Fundi wa Keko aliyerudisha baridi kwenye Hilux yangu ya 1991

Mafundi wa kujaza gesi ya AC ya gari Dar es Salaam wamejaa tele. Wa kutafuta gesi inakotorokea ni wachache, na mmoja wao yuko Keko, kwenye gereji ndogo nyuma ya mafundi samani. Nampa nyota nne, na ile ya tano nitaeleza kwa nini nimeizuia.

Gari ni Hilux LN85, injini ya 2L ya dizeli, AC ya kiwandani. Linabeba mizigo, lakini ndilo hilohilo linalompeleka mama kliniki Muhimbili, na mtu mwenye presha kukalishwa kwenye foleni ya Februari, vioo wazi, moshi wa malori unaingia, kwa kweli inaniuma. Kila gereji niliyopita walichomeka geji ya kupima presha ya gesi, wakajaza, nikalipa. Baridi inakuja, inaondoka.

Huyu alikataa kujaza. Alifungua boneti, akasoma kibandiko, akaniambia: "Kaka, huu mfumo ni wa R12." Ile ni gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal hata nchi zetu zilitakiwa kuachana nayo ifikapo 2010. Siku hizi inawekwa R134a, ila haichanganyiki na oili ya madini iliyokuja na mfumo wa R12. Oili isipozunguka na gesi, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inasaga kavu. Basi akamwaga oili yote, akaosha mabomba, akaweka oili ya esta, draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu), na oringi mpya, pete za mpira za kuziba maungio, zile za kijani.

Kondensa, ile kama rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi nje, aliing'oa, akaziba mdomo mmoja, mwingine akauunganisha na mtungi wa naitrojeni, akaizamisha kwenye pipa la maji. Mapovu membamba yakapanda mfululizo kutoka kona ya chini, pale bano linaposugua bomba. Ukiitoa majini huoni tundu lolote. Hela zangu zote za gesi zilipitia hapo! Alishauri tusichomelee, tununue mpya ya njia nyembamba nyingi, maana R134a inataka kondensa inayotoa joto vizuri zaidi.

Baada ya kufunga, pampu ilivuta hewa na unyevu karibu saa nzima. Akafunga koki, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi mshale wa geji ulikuwa palepale, yaani hakuna panapovuja, ndipo akaweka gesi, tena kwa mizani, pungufu kidogo ya uzito ulioandikwa wa R12 ili presha isipande mno.

Kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi kilisoma nyuzi 7, jua la saa nane mchana. Mama safari hii alifika kliniki bila kulalamika kichwa.

Sasa ile nyota. Gari likisimama sana foleni ya Tazara, baridi inapungua, kwa sababu feni inazungushwa na injini na pale mzunguko ni mdogo. Dawa yake ni feni ya umeme mbele ya kondensa. Hilo alilijua, na alipaswa kulisema kabla ya kurudisha grili, kwani sasa itafunguliwa tena na nitalipa ufundi mara ya pili. Risiti pia hana, aliniandikia kwenye karatasi ya daftari.

Jumla ilikuwa laki nne na themanini, kondensa ikiwemo. Vifaa vya zamani anakurudishia kwenye mfuko bila kuombwa. Nenda asubuhi, anapokea magari machache kwa siku.