Niulize mimi, usimwulize dada yangu: uzoefu wangu wa kupimwa kiwango cha klozapini katika maabara moja ya Nairobi

Nimetumia klozapini kwa miaka kadhaa kutibu skizofrenia, ugonjwa wa akili, kwa hiyo kutolewa damu si jambo geni kwangu. Kila anayetumia dawa hii hupimwa seli nyeupe, kila wiki katika miezi ya mwanzo na baadaye kila mwezi, kwa kuwa inaweza kuziangusha na kuuacha mwili bila kinga. Kipimo ninachokizungumzia hapa ni kingine kabisa, yaani kile kinachoonyesha dawa yenyewe imefikia kiwango gani katika damu. Daktari wangu alikitaka kwa sababu nilikuwa nimeacha sigara. Moshi wa tumbaku huchochea ini kuivunja klozapini kwa haraka, na mvutaji akiacha, dozi ileile aliyoizoea hubaki mwilini kwa wingi zaidi. Nami nilikuwa nimeanza kuamka mto ukiwa umelowa mate, na kusinzia kwenye matatu hadi napitishwa kituo changu.

Nilikusudia kuandika tathmini ya wastani. Bei yao iko juu, lakini jengo ni safi, majibu huletwa kwa barua pepe, na sindano haikuniumiza. Tatizo ni kwamba kila nikianza kuwasifu, namkumbuka yule kijana wa mapokezi.

Nilifika na dada yangu mkubwa, aliyenisindikiza kwa sababu ya usingizi huo. Dozi ya usiku nilikuwa nimeimeza saa tatu, na tembe ya asubuhi ilikuwa bado mfukoni, kwa kuwa damu ya kipimo hiki hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho na kabla ya kumeza nyingine. Nilimweleza kijana wa mapokezi hivyo kwa utulivu huku nikimkabidhi fomu ya daktari. Aliisoma, akaliona jina la dawa, na tangu hapo hakunitazama tena. Alimgeukia dada yangu akamuuliza, "Madam, huyu ametoka Mathari?" Kabla hajajibiwa, akaongeza kwa sauti iliyofika hadi viti vya nyuma, "Mpe dawa zake kwanza, asije akatusumbua hapa."

Nimewahi kutibiwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, na sioni aibu kusema hivyo. Wauguzi wa huko waliniita kwa jina langu. Dada yangu alimjibu kijana yule, "Mwenye damu ni huyu hapa. Zungumza naye." Hakuzungumza nami. Aliiweka fomu yangu pembeni, na watu waliofika nyuma yangu wakaitwa mmoja baada ya mwingine huku mimi nikiwa nimekaa.

Dharau ile iliniuma, lakini agizo lake lilinitia hofu zaidi. Klozapini ikishamezwa hupanda katika damu kwa saa chache kabla ya kuanza kushuka. Ningeimeza tembe ile pale mapokezi, kipimo kingeonyesha kilele badala ya kiwango cha chini ambacho daktari hukitegemea, na huenda dozi yangu ingepunguzwa kupita kiasi. Kwa mtu aliyewahi kuishi na sauti zinazomtukana usiku kucha, dozi kushushwa bila sababu ya kweli si jambo dogo. Mtu anayepokea fomu hizi kila siku, na kulipwa kwa kazi hiyo, anapaswa kulijua hilo.

Damu yangu ilitolewa ikikaribia adhuhuri, na zile saa 12 zikawa karibu 15. Kwenye fomu kuna kisanduku kidogo cha kuandikia saa ya dozi ya mwisho. Kiliachwa kitupu, ingawa nilikuwa nimeitaja saa hiyo kwa mdomo wangu. Penye saa ya kutoa damu paliandikwa saa tatu asubuhi, yaani wakati nilipofika dirishani, wala si wakati sindano ilipoingia mkononi. Karatasi ile ilisema uongo, na uongo huo ukaenda kwa daktari ukiwa na muhuri.

Majibu yalikuja chini kidogo ya nanogramu 600 kwa mililita. Kwa kawaida madaktari hutaka kiwango kisipungue 350 ili dawa ifanye kazi, na kadiri kinavyopanda kuelekea 1,000 ndivyo wanavyohofia mishtuko ya kifafa, kwa hiyo nambari yangu ilionekana kuwa salama. Nilipomweleza daktari saa halisi, alikataa kuitegemea akaagiza kipimo kirudiwe. Nililipa upya. Najiuliza kuhusu mama aliyemleta mwanawe kutoka mbali, ambaye hakuna aliyemfafanulia habari za saa 12: yeye angerudi nyumbani na karatasi ile akiamini mambo ni shwari.

Mara ya pili nilimkuta mwanamke mmoja kwenye chumba cha kutolea damu, na nusura nisamehe yote. "Kaka, dozi ya mwisho umemeza saa ngapi?" Aliniuliza mimi, akaandika jibu langu kabla hata hajanifunga mpira mkononi. Aliuliza tena kama nina homa au kikohozi, na kama nimebadilisha unywaji wangu wa kahawa, kwa kuwa maambukizi na kahawa vinaweza kuipandisha dawa hii. Kisha akaandika pia saa aliyochoma sindano. Safari hii kiwango kilipita 700. Daktari alipunguza dozi ya usiku, na sasa sisinzii tena njiani.

Kwa ajili ya mama huyo aliyenitoa damu nilitaka kuwapa nyota nne. Hata hivyo, nilipompelekea meneja malalamiko yangu, alinipa pole na kuniahidi punguzo la bei katika kipimo kijacho. Sikuomba punguzo. Niliomba sampuli yoyote ya kipimo hiki isipokelewe ikiwa kisanduku cha saa ni kitupu, na niliomba mgonjwa aulizwe mwenyewe. Juu ya hayo mawili hakusema lolote. Basi natoa nyota moja, nayo ni ya yule mama. Akihamia maabara nyingine, nitamfuata huko.