Fundi aliyetukatia hita ya gesi ya sebuleni, Leicester, Uingereza

Nyumba yetu ni ya zamani, zile zilizoshikana mtaa mzima, na tulipohamia tulikuta hita ya gesi imebanwa ukutani sebuleni, chini ya dohani. Miaka mitatu hatujaiwasha hata siku moja, boila ya kupasha nyumba joto inatutosha. Kwangu mimi ilikuwa imezimwa, basi, habari imekwisha. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga ndiye aliyeuliza: "Mwanangu, mtungi wake uko wapi tuufunge?"

Nikakosa jibu. Huku hakuna mtungi. Gesi inaingia kutoka barabarani, inapita kwenye mita, na imejaa kwenye bomba mpaka nyuma ya hita saa zote, uwashe usiwashe. Na mjukuu wake wa miaka miwili alishaanza kuchezea kitasa.

Mtu wa kwanza niliyempata alitaka pauni 40 taslimu. Nilipomwomba kadi ya Gas Safe, yaani kitambulisho cha fundi wa gesi aliyesajiliwa, akasema ameiacha kwenye gari jingine. Nikamshukuru, nikafunga mlango. Kwa sheria ya Uingereza kazi ya gesi ya kulipwa ni ya aliyesajiliwa tu. Na tafadhali, mtu asikuridhishe kwa cheti cha CORGI, usajili wa zamani: tangu Aprili 2009 usajili ni wa Gas Safe.

Ndipo jirani yetu wa Mombasa akanipa namba ya fundi huyu ninayeandika habari zake leo. Anafanya kazi peke yake. Alichelewa saa nzima bila kupiga simu, na hilo lilinikera kwa sababu nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Lakini alipofika, kabla sijafungua mdomo alitoa kadi. Akaigeuza nyuma, kwenye orodha ya kazi anazoruhusiwa kufanya, akanionyesha kwa kidole palipoandikwa hita za gesi.

Hakugusa hita kwanza. Alikwenda kwenye mita, akaunganisha mrija wa plastiki wenye umbo la U, wenye maji ndani. Akapandisha presha hadi alama ya 20, akafunga koki, akaniita nitazame. Tukachuchumaa wote wawili chini ya ngazi. Dakika moja ya kuacha presha itulie, kisha mbili za kupima. Maji hayakusogea hata unywele. Akanieleza kwamba anapima kabla ili tujue kama bomba lilikuwa linavuja tangu mwanzo, na angerudia baada ya kumaliza.

Kuikata hita yenyewe hakukuchukua muda. Alitandika shuka, akabandua bamba la chuma la nyuma, na hapo ndipo niliposhtuka: vijiti vya kiota cha njiwa, vipande vya matofali, masizi, karibu nusu ndoo. Dohani ilikuwa imeziba. Siku tungeiwasha ile hita kwa sababu ya baridi, moshi usingepata pa kupita, na kaboni monoksaidi ingeturudia sebuleni. Haina harufu, haina rangi. Harufu tunayoijua ya gesi hutiwa makusudi ili mtu ashtuke, hii nyingine haikupi dalili yoyote. Nilimtazama mtoto amelala kwenye kochi, nikaishiwa nguvu.

Bomba alilikata karibu na sakafu, akaliziba kwa kifuniko cha shaba na kukichomelea. Hakuiachia koki peke yake kazi ya kuzuia gesi. Kisha mrija wa maji tena, na safari hii mama naye alikuja kutazama, kanga mabegani. Dakika zilipokwisha na maji yako palepale akasema, "Haya, sasa imefungwa."

Fundi akawasha boila, akahakikisha inafanya kazi, akaniandikia karatasi ya kazi aliyofanya. Alinitahadharisha nisiuzibe ule uwazi wa ukutani kabisa. Dohani isipopata hewa ukuta unaota unyevu, kwa hiyo niweke wavu wa kupitisha hewa. Huo anauweka fundi mwashi, ni gharama nyingine, na ningependa angeniambia kwenye simu.

Nililipa pauni 85 kwa saa moja na nusu, pamoja na kuichukua hita. Masizi kidogo yalibaki kwenye zulia. Nampa nyota nne, ya tano nimeikata kwa ule ucheleweshaji. Mwezi ujao anarudi kukagua boila, na nimemwomba apige simu akiwa njiani.