osTicket baada ya miezi kumi na minne: tiketi moja, idara tano

Karani wetu mpya wa Tunduma alianza kazi Jumatatu, kompyuta akaipata Jumatano ya wiki iliyofuata. Siku zote hizo alikuwa akipiga picha nyaraka za malori kwa simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, na kuzituma Dar. Nilipoanza kufuatilia, TEHAMA wakasema kompyuta ipo tayari kabatini tangu Ijumaa kabla hajaripoti. Usafirishaji wakasema hawabebi kitu bila barua ya stoo. Stoo wakasema barua wameshaandika, inasubiri saini tu, na mwenye kusaini yuko safarini Kigoma. Mwenye kusaini ni mimi.

Hapo ndipo nilipokubali kwamba group la WhatsApp limetushinda. Mimi ni afisa utawala katika kampuni ya uwakala wa forodha yenye watu kama mia na sitini, makao yake Kurasini, na matawi mipakani Tunduma na Rusumo pamoja na ofisi ndogo Kigoma. Maombi yote ya wafanyakazi yalikuwa yanapita kwenye group moja: wino wa printa, salary slip, kadi ya mlango iliyopotea, masurufu ya safari, na katikati yake salamu za Ijumaa na picha za harusi. Mtu akiomba kitu asubuhi, kufika saa nane mchana ombi limeshafunikwa na pole thelathini za msiba.

Tulichagua osTicket, programu ya kupokea na kufuatilia maombi, kwa sababu moja isiyo na heshima sana: toleo lake la kujiwekea mwenyewe ni la bure. Ni programu huria, inaendeshwa kwa PHP na MySQL (lugha ya programu na hifadhidata), na fundi wetu aliiweka kwenye seva ndogo iliyokuwa imekaa bila kazi. Inaonekana ya kizamani, nisiseme uongo. Ukiifungua unahisi umerudi mwaka 2010. Lakini kwenye simu ya bei ndogo ya karani aliyeko mpakani ukurasa wa kuombea huduma unafunguka, na mtu asiyetaka kuufungua anaandika barua pepe tu, ikaingia yenyewe kama tiketi, yaani ombi lenye namba yake.

Neno hilo tiketi lenyewe lilitupa taabu wiki ya kwanza. Dereva mmoja alinipigia simu kuuliza, "Mama, hiyo tiketi ni ya basi gani?"

Sasa niseme tulipokosea, maana kosa halikuwa la programu. osTicket inakutaka utengeneze orodha ya mada za msaada, yaani yale mambo mtu anayochagua kabla ya kuandika shida yake. Kila mada unaweza kuipa fomu yake, idara yake, muda wake wa kuhudumiwa, hata mfuatano wake wa namba. Mimi na fundi tukakaa na chati ya muundo wa kampuni, tukashuka idara kwa idara. Tukatoka na mada arobaini na tatu. Nilijisikia msomi. Mwezi ulipoisha, zaidi ya nusu ya tiketi zilikuwa zimeingia chini ya "Mengineyo".

Na watu walikuwa na haki. Kadi ya mlango ikigoma, mfanyakazi atajuaje kwamba plastiki yake ni ya Utawala lakini namba iliyomo ndani ni ya TEHAMA? Hajui, na wala si kazi yake kujua. Tukaifuta orodha yote. Safari hii nilikaa na dada wa mapokezi, kwa sababu yeye ndiye anayesikia watu wanasemaje wakija na shida, tukaandika mada kwa maneno yao: "Kifaa kimeharibika". "Nasafiri kikazi". "Mshahara haujakaa sawa". "Nimepoteza kitu cha ofisi". "Napokea mfanyakazi mpya". "Kuna mtu anaondoka". Zikawa kumi na moja. "Mengineyo" tukaiacha, lakini tukaishusha chini kabisa, na anayeichagua anakutana na sanduku moja la kuandika maelezo marefu. Uvivu wa kuandika umetusaidia kuliko mafunzo yote tuliyotoa.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niandike haya, kwa sababu naona ofisi nyingi zinakwama hapo hapo. Katika osTicket tiketi inakaa kwenye idara moja kwa wakati mmoja. Mwanzoni tuliona huo ni udhaifu. Mfanyakazi mpya anahusu Utumishi (mkataba, namba ya NIDA, TIN, uanachama wa NSSF), Fedha (kumwingiza kwenye malipo), TEHAMA (kompyuta na barua pepe), Utawala (kiti, ufunguo, kitambulisho) na Usafirishaji kama anakwenda tawini. Tukawa tunaihamisha tiketi: Utumishi wakimaliza wanaitupia TEHAMA, TEHAMA wanaitupia Utawala. Mbio za kupokezana vijiti. Na kama ilivyo kwenye mbio hizo, kijiti kikidondoka kila mtu anamtazama mwenzake. Ilikuwa ni Tunduma ile ile, ila safari hii ina namba.

Dawa ilikuwa imo humo humo na hatukuiona. Ndani ya tiketi unaweza kufungua kazi ndogo ndogo, kila moja na idara yake, mtu wake na tarehe yake ya mwisho, na tiketi yenyewe ikabaki pale pale ilipozaliwa. Ofisini tunaiita tiketi mama, na zile kazi tunaziita vitoto. Mwenye tiketi mama ya mfanyakazi mpya ni Utumishi, siku zote, hata kama kilichobaki ni kiti tu. Kuhamisha tiketi tumekupiga marufuku, isipokuwa pale mtu alipochagua mada isiyo yake. Na programu inashika adabu hiyo vizuri: ukijaribu kufunga tiketi mama wakati kuna kitoto kimoja hakijafungwa, inakataa na inakuambia vimebaki vingapi. Mara ya kwanza iliponikatalia nilikasirika. Siku hizi nikiona kukataa huko najua kuna mtu huko Rusumo hajapata ufunguo wake.

Ipo pia faida ambayo sikuitegemea. Kitoto kina mazungumzo yake peke yake. Mhasibu anayepokea kazi ya "mwingize kwenye mishahara kuanzia Machi" anafanya kazi yake bila kupitia barua ya daktari iliyoambatishwa kwenye tiketi mama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu Mei 2023, na mwanasheria wetu alipokuja kukagua hiki ndicho kitu alichokisifia. Maombi ya ugonjwa, likizo ya uzazi na mikopo yanaingia Utumishi, na anayefungua ni yule tu aliyepewa ruhusa ya idara ile. Kwenye WhatsApp mtu alikuwa anatuma picha ya cheti cha hospitali mbele ya watu mia na sitini.

Sasa madhaifu, na yapo.

La kwanza ni idhini. osTicket haina utaratibu wake wa ndani wa bosi kukubali au kukataa ombi. Kwa kampuni inayoishi kwa masurufu hili ni pengo kubwa. Mtu akichagua "Nasafiri kikazi", mkuu wake lazima akubali kabla Fedha hawajagusa pesa. Tulichofanya ni kutengeneza hali mpya ya tiketi, "Inasubiri idhini", na kumfungulia mkuu wa idara kitoto; akikifunga na neno "nimekubali", hiyo ndiyo saini yake. Inakwenda, lakini ni kiraka. Mkuu mmoja alifunga vitoto vinne kwa mpigo bila kuandika lolote, akidhani anasafisha orodha, na Fedha wakabaki wanauliza kama kimya ni kukubali. Tangu hapo hakuna neno, hakuna pesa.

La pili, vitoto havijizai. Nilitegemea mtu akichagua "Napokea mfanyakazi mpya" kazi zote tano zifunguke zenyewe. Hazifunguki; lazima mtu wa Utumishi azifungue kwa mkono, moja baada ya moja. Tumemwekea majibu yaliyoandaliwa ananakili maelezo, na pembeni ya meza yake kuna karatasi imebandikwa yenye kazi hizo tano. Ndiyo, karatasi.

La tatu, mwombaji havioni vitoto. Kwake tiketi inaonyesha iko wazi tu, hata kama kazi nne kati ya tano zimekwisha. Kwa hiyo tumeweka sharti kwamba mwenye tiketi mama aandike walau mistari miwili kila baada ya siku mbili. Asipoandika, simu yangu ndiyo inayoita.

Halafu kuna lile sanduku la kuandikia. Lina vichupo viwili vilivyokaa ubavu kwa ubavu: kimoja unamjibu mwombaji, kingine unaandika dokezo la ndani linaloonekana kwa wahudumu tu. Rangi ni tofauti, lakini jicho lililochoka halitofautishi. Mtu wetu wa Fedha alitaka kumwandikia mwenzake dokezo, "Huyu naye kila mwisho wa mwezi kadi yake inapotea, nadhani anaila", akaandika kwenye kile cha kujibu. Mwenye kadi akajibu baada ya dakika sita. Nilikaa nao chumba cha mikutano na chupa ya chai, tukacheka mwishoni, lakini mwanzoni hatukucheka.

Vitu vidogo vinavyonifurahisha: unaweza kuamuru kwamba sehemu fulani ya fomu ijazwe kabla tiketi haijafungwa. Sisi tumeiweka kwenye namba ya hati ya marejesho. Safari haifungwi mpaka masurufu yarejeshwe. Wasafiri hawaipendi hata kidogo, mhasibu mkuu anaipenda kama mtoto wake. Ratiba za saa za kazi nazo zinawekwa kwa kila idara na sikukuu zake, hivyo saa ya tiketi haihesabu Jumapili. Idi tu ndiyo inayonitesa, maana mwezi hauandami kwa ratiba ya kompyuta, na kila mwaka usiku ule niko macho nasubiri tangazo ili nirekebishe siku.

Vichujio vya barua pepe vinafanya kazi, ila ujue Kiswahili chetu kinavisumbua. Fundi alitega neno "printa" ili barua ziende TEHAMA zenyewe. Watu wakaandika prinda, printer, mashine ya kuchapia, na mmoja akaandika "ile kitu ya makaratasi". Tumeongeza maneno mpaka tumechoka. Ombi linaloingia kwa fomu halina shida hiyo.

Je, kuna bora zaidi? Nimejaribu GLPI, ambayo nayo ni huria na ilianzia Ufaransa. Idhini inazo tangu mwanzo na kwenye kuorodhesha vifaa iko mbali mbele, lakini ina vyumba vingi mno kwa ofisi isiyo na mtu wa kukaa nayo kutwa. Freshservice ina sehemu maalumu ya kupokea wafanyakazi wapya, nayo ingenifutia ile karatasi mezani. Jira Service Management pia nimeichungulia. Hizi mbili za mwisho zinalipisha kwa idadi ya wahudumu, na kwetu kila idara ina wahudumu watatu au wanne. Ukizidisha kwa miezi kumi na miwili, na kwa dola, mkurugenzi anaanza kukumbuka WhatsApp kwa mapenzi.

Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu ile nyingine ingepatikana siku vitoto vitakapozaliwa vyenyewe, na moja nzima idhini ikiingia. Kama ofisi yenu ina fundi mmoja wa kuaminika na maombi yenu mengi yanavuka idara, ichukueni, ila kaeni kwanza na dada wa mapokezi kabla hamjagusa seva.

Mwezi uliopita Tunduma walipata karani mwingine. Kompyuta ilimtangulia kwa siku mbili, ikawekewa na chaji.

Mzee wa stoo bado hatumii. Kila akitaka kitu anapanda ghorofa ya pili, anabisha hodi, anakaa, tunaulizana habari za nyumbani, kisha ananikabidhi kikaratasi alichokunja mara nne. Namfungulia tiketi kwa niaba yake. Mfumo unaniuliza chanzo cha ombi ni nini, naacha simu na barua pepe, nachagua "Nyingine".