Tahadhari kwa wanaotafuta nyumba ndogo za kontena, Dar es Salaam na mikoa ya jirani

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba ndogo za kontena, nawaomba msome haya kabla hamjatuma hata shilingi moja ya malipo ya awali. Kuna muuzaji anayejitangaza mitandaoni kwamba hutengeneza nyumba za kontena la futi 20, zenye chumba, sebule yenye jiko na choo cha ndani, kwa shilingi milioni 12, na kwamba huzifikisha kiwanjani ndani ya siku 21. Mimi amekwisha kunichukulia shilingi 8,050,000 tangu mwezi Machi, na hadi leo kwenye kiwanja changu cha Kigamboni kuna nguzo fupi 6 za zege tu nilizozijenga kwa ajili ya kuipokea nyumba hiyo. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi, lakini nitaeleza namna anavyofanya kazi ili atakayekutana naye amtambue hata kama atakuwa amebadilisha jina la ukurasa, jambo ambalo amelifanya mara mbili tayari.

Wengi wetu tunaotafuta nyumba za aina hii si watu wenye fedha za kuchezea. Nilikuwa nikilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo huko Mbagala, na kila ikifika Januari na Julai naanza upya kuhangaika, ilhali kiwanja ninacho; nikaona kwamba boksi la mita 6 kwa mita 2.4, likitengenezwa vizuri, lingenitosha mimi na mwanangu. Bado naamini hivyo. Wako mafundi waaminifu wanaozitengeneza nyumba hizi na watu wanaishi humo kwa raha, na ndiyo maana inaniuma kuona mtu anaigeuza kiu hii ya watu wa kipato cha kawaida kuwa mtego.

Kilichoniondolea shaka ni kwamba alikuwa na nyumba ya kuonyesha. Iko Kigamboni hukohuko, anaishi mama mmoja ambaye naye aliuziwa tu na hana hatia yoyote. Muuzaji alinipeleka saa kumi na mbili jioni, jua likikaribia kutua, upepo wa bahari unavuma, rangi ya kijivu bado inanukia upya, na hatukukaa humo hata dakika kumi. Nilirudi kwa mama yule mwezi Mei, saa nane mchana, baada ya muuzaji kuacha kupokea simu zangu. Alinikaribisha chini ya mwembe kwa sababu ndani hapakaliki. Nilikwenda na fundi wa kuchomelea, naye alifungua kipande kimoja cha dari ya jipsamu akakuta nyuma yake hakuna chochote cha kuzuia joto, ni bati tupu la paa linalopigwa na jua tangu asubuhi. Kisha akachuchumaa karibu na kizingiti cha mlango, akabonyeza kwa bisibisi mahali ambapo rangi ilikuwa imetuna kidogo. Ikamomonyoka puti ile inayotumika kuziba mibonyeo ya magari, na bisibisi ikatokea upande wa nje. Kutu ilikuwa imekula chuma chote, ikazibwa na kupakwa rangi.

Dirisha kubwa la sebuleni nalo halifungi. Fundi alinieleza sababu yake, nami naieleza kwa kuwa wanunuzi wengi hawaijui. Kontena limeundwa libebe uzito kwenye nguzo zake 4 za pembe, ndiyo maana meli huweza kuyapanga moja juu ya jingine, lakini ni kuta zake zenye mikunjo, ambazo unene wake hauzidi sana milimita 2, zinazosaidia paa na sakafu visipinde. Ukikata ukuta ili kuweka dirisha au mlango, ni lazima uchomelee fremu ya bomba nene za mraba kuzunguka tundu lote. Nyumba ile ilikatwa tundu la karibu mita 2 na kuwekewa dirisha la aluminiamu tu, bila fremu yoyote ya chuma, na sasa paa limeanza kulala juu ya dirisha.

Hiyo ndiyo nyumba yake bora, aliyoitengeneza ili aoneshe wengine. Sisi wengine hatukupata hata hiyo.

Baada ya kulipa milioni 7.2, ambazo ni asilimia 60 ya bei, nilitumiwa picha za kontena aliloliita langu likiwa yadini. Kontena linalosafiri baharini lina namba yake: herufi 4, ambazo kwa kawaida huishia na U, kisha tarakimu 6, kisha tarakimu moja iliyozungushiwa kiboksi, ambayo hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia ili kosa la uandishi ligundulike. Namba hiyo huandikwa milangoni, ubavuni na hata juu ya paa. Mimi sikuijali. Nilipompata mwenzangu wa Chanika aliyelipa milioni 6 na mwingine aliyetoka Morogoro aliyelipa milioni 5 na nusu, tulikaa pamoja, tukaweka simu zetu tatu juu ya meza moja na kuzikuza picha kwa vidole. Namba ilikuwa ni ileile kwa wote, herufi kwa herufi, na hata mbonyeo ulio chini ya mlango wa kulia ulikuwa uleule. Kontena moja lilikuwa limeuzwa kwa watu watatu, na sina uhakika kwamba liliwahi kuwa lake.

Video ya ndani ya nyumba anayowatumia wateja wapya nayo si ya hapa. Itazameni taratibu mpaka sehemu ya jikoni, karibu na sinki: soketi iliyo ukutani ina matundu mawili membamba yaliyosimama na moja la mviringo chini yake, kama zilivyo za Marekani, wakati za kwetu zina matundu matatu ya mstatili. Nimeitazama video hiyo zaidi ya mara ishirini kabla ya kuliona jambo hilo, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye makabati.

Kuhusu fedha, haelekezi malipo kwenye akaunti ya kampuni. Hutoa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, anayesema ni mhasibu wake, na mkataba wake ni wa ukurasa mmoja wenye muhuri, usio na namba ya mlipakodi wala namba ya kontena. Risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, huahidi kuitoa siku ya kukabidhi nyumba. Zilipotimia siku 21 aliomba 850,000 za lori lenye winchi, nami nikazituma. Wiki moja baadaye akaomba 400,000 akidai mzigo umekwama bandari kavu na unadaiwa tozo ya kuhifadhiwa. Nilipomwambia nitakwenda mwenyewe huko bandari kavu kulipa, simu ilikatwa, na tangu siku hiyo haijapatikana tena.

Kwa hiyo nendeni yadini kwa miguu yenu, mchana, mkiwa na fundi asiyemjua muuzaji. Ingieni ndani ya kontena tupu, mfunge milango na kutazama juu: penye tundu mwanga utapenya. Soma kibao cha chuma kilichopigiliwa mlangoni, kwani kinaonyesha tarehe ya kutengenezwa na uzito wa juu unaoruhusiwa, na uhakikishe kwamba namba ya kontena imeandikwa kwenye mkataba wako kabla hujalipa. Ulizeni pia karatasi za forodha, maana kontena lililoingia nchini na mizigo ya watu huingia kwa muda tu, na kuliuza humu ndani kunataka ushuru wake uwe umelipwa. Asiye na karatasi hizo anakuuzia matatizo hata kama kontena lipo. Jina la biashara linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na risiti ya EFD huhakikiwa kwenye tovuti ya TRA, Mamlaka ya Mapato, nayo inapaswa kutolewa siku uliyolipa, si siku ya makabidhiano. Na kibali cha ujenzi kiulizeni halmashauri wenyewe. Huyu bwana aliniambia nyumba ya kontena haihitaji kibali kwa kuwa inahamishika, nami nikamwamini bila kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Kontena lililo kwenye picha zetu ni la rangi ya samawati iliyopauka, na tarakimu iliyo kwenye kiboksi ni 7. Namba nzima siiandiki hapa kwa kuwa herufi zake ni za kampuni ya meli isiyohusika na utapeli huu. Kama nawe umetumiwa picha hiyo na umeshalipa, usifute ujumbe wowote, chukua taarifa ya miamala yako kwa mtoa huduma wa simu, iripoti namba aliyoitumia kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe ukafungue taarifa na kupewa namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sisi watatu tumekwisha kufungua zetu, na mpelelezi anayeshughulikia shauri letu ameomba kila aliyelipa ajitokeze akiwa na picha alizotumiwa.