Texas kwa mtu wa mshahara wa kawaida: nyota tatu, na umeme ndio uliokula mbili

Naipa Texas nyota tatu kati ya tano. Ninakaa Houston, upande wa Alief, na kabla ya hapo nilikuwa Maryland. Kwa hiyo namwandikia hasa yule aliyeko Silver Spring, kulekule Maryland, ambaye kila Jumapili binamu yake anampigia simu: "Hamia huku wewe, huku hakuna kodi!"

Binamu hadanganyi. Jimbo hili halikati kodi ya mapato, na tangu 2019 katiba yake yenyewe inakataza. Kule kaunti ya Montgomery, Maryland, nilikatwa ya jimbo, kisha kaunti nayo ikachukua asilimia 3.2 yake. Huku nikishakatwa ya serikali kuu, Social Security (ya pensheni) na Medicare (ya matibabu ya uzeeni), basi. Ila kuna jambo binamu hakukwambia: kima cha chini cha mshahara hapa ni dola 7.25 kwa saa, hakijapanda tangu 2009, wakati Maryland ni 15. Mimi silipwi 7.25, lakini kima cha chini kikiwa kule bondeni, na wa juu yake wanateremka kidogo. Kazi ileile ya kulea wazee, sare ileile, migongo ileile ya kuinua, na saa inalipwa pungufu. Uliza mshahara kwanza, kodi baadaye.

Pango ni nafuu, hapo sina ubishi. Kwa pesa niliyokuwa nalipia chumba kimoja Maryland, hapa nina viwili na kibaraza cha kuanikia. Tatizo ni vile vinavyofuatana nalo. Mwenye nyumba wangu ana ada ya mtu wa kuchukua taka mlangoni, na ni lazima, hata kama jalala liko hatua chache na miguu unayo. Ada ya dawa ya wadudu. Bili ya maji haitokani na mita yangu: wanachukua bili ya majengo yote wanaigawa kwa hesabu yao, kwa hiyo jirani akioga saa nzima nami namchangia. Bei iliyoandikwa kwenye bango la nje usiishike kichwani. Waambie wakupe jumla ya mwezi, kwa maandishi, pamoja na hizo ada.

Sasa umeme. Tanzania nimezoea LUKU, umeme wa kulipia kabla: unanunua uniti, unabonyeza tarakimu, taa zinawaka, na muuzaji ni mmoja nchi nzima. Texas ilifungua soko mwaka 2002, na Houston unachagua mwenyewe kati ya makampuni chungu nzima. (Austin na San Antonio hawachagui, umeme wao ni wa jiji. Wakati mwingine nawaonea wivu.) Nyaya ni zilezile na nguzo ni zilezile, kinachobadilika ni nani anakuandikia bili. Serikali ya jimbo ina tovuti ya kulinganisha bei, Power to Choose, na hapo ndipo watu wanapopigwa.

Bei inayojitokeza kwanza ni ya mtu anayetumia uniti 1,000 kwa mwezi. Mpango niliouziwa ulikuwa hivi: senti 18 kwa uniti, na punguzo la dola 100 ukifikisha uniti 1,000. Piga hesabu. Ukitumia 1,000 kamili unalipa dola 80, yaani senti 8 kwa uniti, na ndiyo hiyo senti 8 wanayoitangaza. Ukitumia 960, kama fleti yangu ilivyofanya mwezi wa tano, punguzo limekukimbia, unalipa dola 172.80. Umetumia kidogo zaidi, umelipa zaidi ya mara mbili! Nilipopiga simu, dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole kabisa kwamba mwezi ule ningewasha kiyoyozi zaidi ningelipa kidogo. Alikuwa anasema kweli, na ndicho kilichoniudhi.

Dawa yake ipo. Kila mpango una karatasi ya maelezo, lazima iwepo kisheria, na inaonyesha bei ya wastani kwa uniti 500, 1,000 na 2,000. Zikiwa zinarukaruka, mfano 18, 8, 13, achana nao. Tafuta ambao namba zake tatu zinakaribiana, hata kama inayotangazwa si ya chini kuliko zote. Na mipango ya "usiku bure" isikudanganye kama mnashinda nyumbani mchana na watoto, kwa sababu bei ya mchana ndiyo inayolipia huo usiku.

Gari utalihitaji. Basi la jiji ni dola 1.25 na si baya kama uko kwenye njia zake kubwa, lakini zamu ya alfajiri kule Katy, nje ya jiji, utafikaje? Barabara za kulipia ziko kila upande, na ile ya Westpark haijawahi kupokea hata sarafu, inasoma stika yako ya malipo au inapiga picha namba ya gari na bili inakufuata nyumbani. Bima ya gari nayo imepanda. Na hii ndiyo Texas yenyewe: tangu Januari 2025 ukaguzi wa usalama wa magari madogo umefutwa, ila ada yake ya dola 7.50 bado inalipwa unapohuisha usajili. Ukaguzi wa moshi kwa sisi wa Harris, kaunti ya Houston, haujafutwa.

Chakula nakipa nyota tano bila kufikiri. Vyakula vya kupika mwenyewe havitozwi kodi ya mauzo, na ndizi mbichi, mihogo na maharage yamejaa kwenye maduka ya Fiesta kwa bei ya kibinadamu. Mbuzi wa halali nachukua mtaa wa Hillcroft, kisamvu cha kugandishwa mtaa wa Bissonnet. Mgeni nikuonye tu: ule unga wa tortilla usiusongee ugali, mahindi yake yamepikwa na chokaa na harufu haitoki.

Wanaotaka kununua nyumba wajue kodi ambayo haikukatwa kwenye mshahara inakusubiri kwenye ardhi. Vitongoji vipya vya kuelekea Katy na Richmond vina kodi ya ziada ya kulipia miundombinu ya maji. Ukishahamia, jaza fomu ya msamaha wa kodi wa mwenye makazi (homestead exemption), na thamani ya nyumba waliyokupangia unaweza kuipinga, kwa kawaida hadi Mei 15. Bima ya nyumba ni habari nyingine, mvua ya mawe na vimbunga vina bei yake. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita, zaidi ya wateja milioni mbili walikosa umeme, nami friji nzima niliimwaga.

Na kwa walio hapa tayari: angalia leo mkataba wako wa umeme unaisha lini. Ukiisha na hujachagua mwingine, unaangukia bei ya mwezi kwa mwezi, ambayo mara nyingi ni kali. Siku 14 za mwisho unaruhusiwa kuhama bila faini, na ukihama makazi pia hulipi. Kama unaishia Agosti, ukitia saini mpya hesabu miezi iangukie kipindi cha baridi kidogo, wakati bei zimetulia.