Hema ya kukuzia bangi ndani ya nyumba: mwanga iko poa, giza ndo tuongee

Nyota 4 kati ya 5. Niko Ujerumani, huku tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa mimea 3 nyumbani kwa matumizi yake, so msianze na polisi.

Hema yenyewe kitambaa kizito, ndani inang'aa, fremu haiyumbi. Taa sina la kusema, LED yoyote ya maana inatosha. Kazi iko kwenye giza jamani, maana huu mmea unahesabu usiku, ukipata masaa 12 ya giza lisilokatika kila siku ndo unaleta maua, sasa mwanga ukiwa unapenya penya unachanganyikiwa, unarudi kwenye majani au jike linatoa na maua ya dume halafu unavuna mbegu tupu. Wenye mbegu za otomatiki hii haiwahusu, zile zinachanua kwa umri.

Kupima ni rahisi: mchana kweupe ingia ndani, funga zipu, tulia mpaka macho yazoee. Mimi niliona vinukta kwenye mshono wa zipu na kwenye matundu ya waya, nyota moja imeenda hapo. Tepu nyeusi imemaliza. Kile kitaa chekundu cha ekstensheni nacho kizibeni.

Taima ya kuwasha na kuzima taa waliyonipa ya bure ni ile ya kuzungusha, ya vipini vya dakika 15, inapiga kazi ila umeme ukikatika inasimama na ratiba yote inasogea, bora muongeze hela mchukue ya dijitali yenye betri.