"Mzee, Umeme Niachie Mimi": Uzoefu Wangu na Fundi Aliyeitoboa Amplifaya Yangu

Sikusudii kuwaeleza wasomaji amplifaya yangu ina wati ngapi wala iliundwa mwaka gani, kwa kuwa hayo yeyote anaweza kuyatafuta mwenyewe. Ninaandika kwa sababu ya sentensi moja niliyoambiwa na fundi mmoja katika duka lake lililo chini ya ardhi, karibu na Kituo cha Zamani cha Teksi jijini Kampala, nayo mpaka leo ikinijia usiku hunikosesha usingizi: "Mzee, wewe piga gitaa, umeme niachie mimi."

Ninapiga gitaa la solo katika bendi ya rumba hapa Bombo, na kazi zetu nyingi ni harusi na sherehe za kwanjula, yaani za kumtambulisha mchumba kwa familia ya binti, ambako sebene ikianza ni wachache wanaobaki vitini. Amplifaya yangu ni ya valvu (zile chupa za kioo zinazokuza sauti), ya zamani, ina tundu la kuingizia gitaa tu. Nikikiunganisha kifaa changu cha mwangwi hapo mbele, kisha nikaongeza ukali wa sauti, mwangwi nao hupita katika sehemu ya kwanza ya amplifaya na kukwaruzwa pamoja na noti zenyewe, yakatoka matope badala ya muziki. Dawa yake inajulikana: njia ya sauti ikatwe katikati, baina ya sehemu inayoijenga na sehemu inayoisukuma kwenye spika, kisha yatobolewe matundu mawili, moja la kuitolea sauti na jingine la kuirudishia, ili mwangwi uongezwe baada ya ukali kukamilika. Kazi hiyo sikuthubutu kuifanya mwenyewe, maana ndani ya amplifaya za valvu mna mamia ya volti ambazo kapasita huweza kuendelea kuzihifadhi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Nilimpelekea fundi huyo majuma machache kabla ya Pasaka, au pengine ilikuwa baada yake. Ninachokumbuka ni kwamba mvua ilikuwa ikinyesha, nami nilikuwa nimeifunika amplifaya kwa koti langu. Nilimwomba jambo moja tu. Nilimweleza kwamba kifaa changu kinatumia volti 9, kwa hiyo wimbi linalozidi kiasi hicho hakiwezi kulibeba, ilhali valvu inaweza kutoa wimbi la makumi ya volti. Akinitolea sauti pale bila kuipunguza, kifaa kitalemewa. Ndipo aliponijibu hivyo, bila kuinua macho kutoka kwenye simu yake. Mzee! Vijana wa bendi huniita hivyo kila siku, nami hufurahi. Siku ile nililisikia neno hilo likitamkwa kama mtu anavyomfukuza kuku jikoni. Palikuwa na wateja wengine watatu, na mmoja wao alicheka.

Nililipa shilingi 180,000, nikailipia amplifaya nafasi ya abiria katika teksi, yaani basi dogo la abiria, nikafika nyumbani, nikaunganisha. Mlio wa kwanza ulikuwa kama bati kuukuu linaloburutwa juu ya changarawe. Kukosea ni jambo la kila fundi, na kama angekosea jambo nisilolijua ningenyamaza. Lakini hili lilikuwa lile lile nililomtajia kwa kinywa changu, akaona afadhali asisikie kuliko kufundishwa na mpiga gitaa.

Kwa hasira nilijitengenezea kisanduku kidogo cha nje, ambako hakuna volti za kuua, nikaweka ndani yake rezista mbili, moja ya omu 100,000 na nyingine ya omu 10,000, ambazo ziliipunguza sauti mara kumi na moja, yaani desibeli zipatazo 21. Mwangwi ulitakata papo hapo, nami nilicheka peke yangu sebuleni. Furaha hiyo haikudumu, kwani ulichokipunguza wakati wa kutoka huna budi kukirudisha wakati wa kuingia, na kisanduku changu hakikuwa na nguvu ya kurudisha chochote. Amplifaya iliyozoea kutikisa mahema ya harusi ikawa inanong'ona. Mafundi wengine wawili walikataa kugusa kazi ya mwenzao. Ilinibidi nirudi kwa yule yule.

Hapa hasira yangu inaanza kunisaliti. Alipoifungua mbele yangu, nililazimika kukiri kwamba sijawahi kuona lehemu safi kama ile: waya zilikuwa fupi na zimelazwa kwa adabu, na kapasita inayozuia volti kubwa zisivuke kuingia katika kifaa changu ilikuwa mahali pake. Alinisikiliza nikipiga kwa muda usiofika dakika mbili, akaguna, akaweka kidhibiti cha kiwango kwenye tundu la kutolea, kisha akaitumia nusu ya valvu iliyokuwa imekaa bure (chupa moja ya 12AX7 ina sehemu mbili za kukuza sauti) ili kuirudishia sauti nguvu iliyopotea. Radhi hakuomba. Alidai shilingi 60,000 nyingine, kwa kosa lake mwenyewe, nami, kwa aibu yangu, nilizilipa.

Na sauti ile sasa! Mwangwi unakaa nyuma ya noti kama kivuli, kila mrudio unasikika peke yake hata ninapoizidisha amplifaya ukali, na katika harusi ya mwisho tuliyoipiga, mpiga ngoma aligeuka kutazama kama nimenunua mashine mpya. Nilikaa kuandika haya kwa nia ya kuwazuia watu wasikanyage duka lile, na nilipofika aya iliyotangulia nilikuwa tayari kulisifu. Kisha nimekumbuka yule mteja aliyecheka.

Juma lililopita mpiga besi wetu aliniuliza aipeleke wapi amplifaya yake kwa kazi kama hiyo. Nilimwelekeza huko, nikamshauri ayaandike mahitaji yake kwenye karatasi na kumkabidhi fundi bila kufungua mdomo. Baadaye nikajiona mjinga, nikampigia simu kumwambia asiende. Alikuwa ameshaipeleka.